Gari Limeuzwa, Jina Limebaki

Barua ililetwa na kijana wa pikipiki, wakati Ami amekaa barazani akisubiri adhana ya alasiri. Ilitoka kwa wakili. Ilimtaka alipe fidia kwa mwendesha boda aliyevunjika mguu karibu na Mariakani, alipogongwa na Toyota Probox ambayo, kwa mujibu wa rekodi za serikali, ni mali ya Ami.

Ami hana Probox.

Aliwahi kuwa nayo. Akaiuza, akapokea pesa zake zote, akamkabidhi mnunuzi ufunguo na logibuku, yaani hati ya usajili wa gari, wakapeana mikono na kuombeana heri. Tangu siku hiyo hajaitia machoni.

"Mwanangu," akaniambia huku akininyoshea ile karatasi, "mtu huyu simjui. Na gari si langu."

Nilimwamini papo hapo. Kilichoninyima usingizi wiki zilizofuata ni kwamba polisi, korti, kampuni ya bima na wakili wa majeruhi wote walikuwa na sababu nzuri ya kutomwamini.

## Chuma sahihi, mtu siye

Tulianza pale anapoanzia kila mtu siku hizi: eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, sehemu ya NTSA, mamlaka inayosajili magari. Unaingiza nambari ya usajili, unalipa shilingi 550, unapata nakala ya rekodi ya gari. Jina la mwenye gari, PIN yake ya KRA (nambari ya mlipa kodi), nambari ya chesisi, nambari ya injini, aina, umbo, rangi, mwaka wa kutengenezwa, na kama kuna zuio lolote lililowekwa juu yake.

Niliisoma mstari kwa mstari. Rangi ni ile ile. Chesisi ililingana na nakala ya logibuku ambayo Ami aliihifadhi kwenye bahasha ya zamani. Chuma chote kilikuwa sahihi. Mtu ndiye hakuwa yeye.

Probox iliuzwa enzi za karatasi, wakati uhamisho ulifanywa kwa Fomu C. Waliouza gari wakati ule wanakumbuka ilivyokuwa: unatia sahihi fomu, unaambatisha nakala ya kitambulisho na ya PIN, unampa dalali, unarudi nyumbani. Jina la mnunuzi mara nyingi liliachwa wazi. Dalali alipenda hivyo, kwa sababu yule anayelipa leo huenda naye anataka kuuza kesho, na fomu isiyo na jina inaweza kupita mikono mitatu bila mtu wa katikati kulipa ada ya uhamisho.

Kisha NTSA ikaundwa kwa sheria ya mwaka 2012, kazi ya usajili ikatoka KRA kwenda kwake, na mafaili yakahamia mtandaoni. Majina yakahama kama yalivyokutwa. Hakuna aliyempigia Ami simu kumuuliza kama gari bado ni lake, na sidhani ingewezekana kuwapigia wote.

## Siku kumi na nne

Usiku ule nilikaa na Sheria ya Trafiki, Sura 403, nikitafuta mahali palipoandikwa kwamba mtu akiuza, ameuza.

Sikupapata. Nilichopata ni kifungu cha 8: aliyesajiliwa kwa jina lake atachukuliwa kuwa ndiye mwenye gari, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kinachofuata, cha 9, kinasema gari lililouzwa lisitumike barabarani zaidi ya siku 14 kabla mmiliki mpya hajasajiliwa, na kinamtaka aliyeuza amjulishe msajili jina na anwani ya aliyenunua.

Rudia kusoma hapo mwisho. Wajibu wa kutoa taarifa amepewa anayeuza.

Maisha yangu yote nimesikia kinyume chake. Mnunuzi ndiye "atakayebadilisha jina". Mnunuzi ndiye anayehimizwa, ndiye anayelipa ada, ndiye anayeonywa na jamaa zake kwamba asipofanya hivyo gari si lake. Muuzaji huhesabu noti, au husubiri ujumbe wa benki, kisha hushukuru Mungu. Kumbe akichelewa kubadilisha jina, mnunuzi anakosa karatasi tu. Gari analo, anaendesha, anapakia mizigo. Aliyeuza hana gari tena na bado anabeba kila kitakachotendwa nalo.

Na si ajali peke yake. Gari likipakia bidhaa za magendo, likitumika katika wizi, likiachwa limeziba barabara usiku, swali la kwanza la afisa ni moja: jina la nani?

## Walichosema majaji

Nilipozidi kuchimba nilipata ahueni kidogo. Mahakama zetu zimekutana na akina Ami wengi.

Mwaka 1997 Mahakama ya Rufaa ilimtaka anayedai alete cheti kutoka kwa msajili pale ambapo mshtakiwa anakana kwamba gari ni lake. Mwaka 2005 mahakama hiyo hiyo ilishughulikia kesi ya kampuni ya ulinzi ambayo jina lake lilikuwa bado kwenye rekodi, lakini ikaweza kuonyesha kwamba gari lilikuwa limeshauzwa kabla ya ajali. Ikaachiliwa. Mwaka 2010 Jaji Jackton Ojwang, akiwa bado Mahakama Kuu, alieleza kwamba jina lililo kwenye hati ya usajili si ushahidi wa mwisho. Kifungu cha 8 chenyewe kinatambua kwamba mwenye gari halisi, au mwenye kulitumia na kufaidika nalo, anaweza kuwa mtu mwingine.

Nikampelekea Ami habari hiyo kwa furaha. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa nitathibitisha na nini?"

Mkataba wa mauziano ulikuwa ukurasa mmoja wa mkono, bila mhuri wa wakili, bila nakala ya kitambulisho cha mnunuzi. Nambari ya simu iliyoandikwa pale haipatikani. Dalali aliyewakutanisha alishafariki, Mungu amrehemu. Lile neno dogo la sheria, "mpaka ithibitishwe", linakuja na gharama: wakili, nauli, nakala, siku za kukaa kortini. Kampuni ya ulinzi ina idara ya kutunza mafaili. Mzee mstaafu wa Kisauni ana bahasha.

Wakili tuliyemwendea alisema kuna njia ya kumwingiza mnunuzi katika kesi kama mhusika wa tatu, ili abebe mzigo wake mwenyewe. Njia nzuri, ila inahitaji mnunuzi anayejulikana jina na mahali alipo.

## Aliyelala barabarani

Hapa lazima nisimulie jinsi mawazo yangu yalivyogeuka, kwa sababu wiki ya kwanza nilikuwa na hasira na yule wakili aliyeandika barua. Nilimwona kama mtu anayevua samaki popote penye maji.

Kisha nikamfikiria mwendesha boda.

Amelala kwenye bega la barabara, mguu umevunjika, pikipiki ambayo pengine ni ya mkopo imekunjika. Hakuona mnunuzi, hakuona dalali, hajui historia ya mauziano ya mtu yeyote. Alichoweza kukiona yeye, au msamaria aliyemwokota, ni herufi na tarakimu zilizo nyuma ya gari. Hizo ndizo haki zake zote kwa wakati ule. Kama sheria ingemwambia akatafute mwenyewe nani hasa alilimiliki gari siku hiyo, kila mwenye gari nchini angekuwa na mkataba wa mfukoni unaoonyesha kwamba aliliuza juzi.

Kifungu cha 8 kiliandikwa kwa ajili yake. Jina moja la kuanzia, hata kama baadaye litabadilika.

Na bima haiondoi tatizo. Chini ya Sura 405, sheria ya bima ya magari kwa wanaoumizwa nayo, kampuni ya bima inawajibika kumlipa majeruhi mpaka kikomo cha shilingi milioni 3. Korti ikiamua zaidi ya hapo, kinachobaki kinamwelekea mwenye gari. Bima nayo haiuzwi pamoja na gari: ni mapatano kati ya kampuni na mtu fulani, na mtu huyo akishaliuza, mapatano yamebaki bila kitu cha kukikinga.

Kwa hiyo sikuweza tena kutamani kwamba rekodi isiaminiwe. Nilianza kutamani iwe ya kweli.

## Kwa nini jina halitoki

Nimeuliza watu wengi tangu wakati huo: wauza magari wa barabara ya Mombasa kwenda Malindi, wenye matatu, mwanamke anayeendesha biashara ya kukodisha tuktuk. Nilidhani jibu litakuwa ada, ambayo hupanda kadiri injini inavyokuwa kubwa. Ada imo, lakini haikuwa ya kwanza.

Wengi wanasema: tumeuziana kwa awamu. Mnunuzi ametoa nusu, nusu nyingine kila mwezi, na muuzaji anashikilia jina mpaka alipwe shilingi ya mwisho. Anaona hiyo ndiyo dhamana yake. Nimelifikiria sana hili, na naona ni sawa na mtu aliyeshika kamba ya fahali akidhani amemfunga fahali, ilhali ncha nyingine imezungushwa kwenye kiganja chake mwenyewe. Miezi ile yote fahali yumo barabarani.

Kuna mikopo ya logibuku. Mkopeshaji huandikishwa kama mmiliki mwenza, jina lake likae sambamba na la mkopaji. Deni likiisha anatakiwa aondolewe, na si kila mtu hukumbuka kufuatilia. Tangu sheria ya dhamana za mali inayohamishika ya mwaka 2017, kuna pia sajili tofauti ya dhamana hizo, kwa hiyo anayenunua gari lililotumika anafaa apekue huku na kule. Ninaowajua wanaopekua sehemu moja tayari ni wachache.

Na kuna vifo. Hili hunigusa kuliko yote. Baba anafariki, gari lina jina lake, watoto wanaendelea kulitumia kwenda shamba, harusini, hospitali. Kulihamisha kunahitaji taratibu za mirathi kortini au kwa Kadhi, na familia haitaki kufungua mlango huo kwa sababu ya gari peke yake wakati kuna shamba na nyumba ambazo bado hawajakubaliana. Marehemu anabaki kwenye rekodi. Gari likigonga mtu, anayetafutwa yuko kaburini.

Mtandao umeondoa fomu zilizoachwa wazi, na hilo ni jema kubwa. Sasa anayeuza ndiye anayeanzisha uhamisho kwenye akaunti yake, anamtaja mnunuzi, mnunuzi anakubali. Dalali hawezi tena kupitisha karatasi iliyotiwa sahihi. Lakini mzee asiye na akaunti, au aliyepoteza laini ya simu aliyoisajilia, anarudi kule kule kwa kijana wa saiba, akimpa nywila yake.

## Gari tunalijua vizuri kuliko mtu

Kitu kimoja kilinishangaza kadiri nilivyosoma: namna dola inavyolifahamu gari.

Fikiria gari linaloshuka bandari ya Kilindini kutoka Japani. Kabla halijapakiwa meli, usajili wake wa kule umefutwa na kutolewa cheti cha kusafirishwa nje. Limekaguliwa. Umri wake umehesabiwa, maana sheria zetu hazipokei gari lililotumika lenye zaidi ya miaka 8. Chesisi yake ni ile fupi ya soko la Japani, msimbo wa modeli, kistari, kisha tarakimu. Si ule mfululizo wa kimataifa wa herufi na tarakimu 17 usiotumia I, O wala Q, ili zisichanganywe na 1 na 0. Nambari hiyo itaandikwa forodhani, itaandikwa NTSA, itaandikwa kwenye bima, na itafuata gari mpaka likatwe vyuma chakavu.

Agosti 2022 zilizinduliwa nambari pleti mpya zenye alama za usalama zisizoigika kwa urahisi, kuanzia mfululizo wa KDK. Wengi tulielewa kwa nini. Baada ya shambulio la kigaidi kwenye hoteli ya Dusit, Nairobi, la Januari 2019, suala la magari mawili kubeba nambari moja lilizungumzwa nchi nzima.

Yote hayo yanalinda uhusiano kati ya pleti na chuma. Uhusiano kati ya chuma na binadamu umeachwa kwenye nia njema ya watu wawili waliokutana mara moja, mmoja akiwa na haraka ya pesa na mwingine haraka ya kuondoka.

## Mlango wa muuzaji

Binamu yangu anaishi Leicester. Nilipomsimulia, akanieleza wanavyofanya kule. DVLA, ofisi ya Uingereza ya leseni za madereva na magari iliyo Swansea, hutoa hati ambayo yenyewe inasema waziwazi kwamba si uthibitisho wa umiliki. Inamtaja anayelitunza gari na kuwajibika kwalo barabarani. Akiuza, yeye mwenyewe anaiarifu DVLA kwamba gari amelikabidhi kwa fulani. Hasubiri huyo fulani aamke siku moja akakubali.

Sisemi tunakili. Kwetu hati ya usajili imebeba kazi nyingi: ndiyo dhamana ya mkopo, ndiyo urithi, ndiyo heshima ya mtu aliyenunua gari lake la kwanza. Tukisema ghafla kwamba haithibitishi umiliki, tutawapa matapeli sherehe.

Lakini ule mlango wa muuzaji nautamani. Sheria yetu imeshampa muuzaji wajibu wa kumjulisha msajili. Katika mfumo, uhamisho haukamiliki mpaka mnunuzi naye akubali, na mnunuzi ana sababu nyingi za kuchelewa, zote zikiwa za faida kwake. Aliyetimiza sehemu yake anafaa awe na alama kwenye rekodi inayoonyesha hivyo, yenye tarehe, hata kama mwenzake amelala.

Nina shaka moja ambayo sijaimaliza. Mwanzoni nilitaka rekodi iwe wazi kwa kila mtu, bure, mtu yeyote aone nani ana nini. Kisha nikasoma kisa cha Rebecca Schaeffer, mwigizaji wa Marekani aliyeuawa mwaka 1989 na mtu aliyekuwa akimfuatilia. Anwani yake ilipatikana kupitia rekodi za idara ya magari ya California. Mwaka 1994 Marekani ikatunga sheria ya kulinda taarifa za madereva. Sisi tuna Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na bado yeyote mwenye akaunti na 550 anaweza kujua Probox iliyoegeshwa mbele ya nyumba fulani ina jina la nani. Mnunuzi anahitaji kujua. Majeruhi anahitaji kujua. Mume aliyeachwa, anayezunguka mitaani akitafuta gari la mkewe wa zamani, hahitaji. Sijui mfumo utawatofautishaje bila kumnyima mwendesha boda wa Mariakani lile jina moja lake.

## Kamera

Mambo haya yanakuwa ya haraka zaidi kwa sababu ya kamera. Kanuni za makosa madogo ya trafiki za mwaka 2016 ziliweka faini za papo hapo, kati ya shilingi 500 na 10,000, na mjadala wa kuzitoza kwa kamera haujanyamaza. Afisa anayesimamisha gari anamwona dereva, anauliza leseni, anaweza hata kusikia kisa. Kamera inasoma pleti, pleti inauliza rekodi, rekodi inatoa jina na simu. Kila gari linalotembea na jina la mtu aliyeliuza litakuwa likimtumia mtu huyo faini, Kisauni, Kisumu, Garissa, na atapaswa kuipinga moja moja.

Naomba jambo moja litangulie. Kwenye akaunti ile ile ya eCitizen, mahali pale pale palipo na kitufe cha kuanzisha uhamisho, kiwekwe kingine cha muuzaji peke yake: nambari ya gari, tarehe ya mauzo, kitambulisho cha aliyenunua, picha ya mkataba. Rekodi iandike kwamba gari limetangazwa kuuzwa na mmiliki mpya hajajisajili, na siku 14 za kifungu cha 9 zianze kuhesabiwa hapo. Zikiisha, trafiki akilisimamisha gari hilo aione hiyo alama, amuulize aliyeshika usukani.